Nani Aliwapima Watoto?

Mwaka wangu wa mwisho wa masomo ya uuguzi, daktari aliyekuwa akinisimamia alichukua penseli na kupiga mstari chini ya sentensi moja tu ya kazi yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa makosa ya Kifaransa, nukta zilizosahaulika, pengine jedwali lililopinda. Yeye alipiga mstari ule mmoja mwembamba, kisha akanigeuzia karatasi.

Sentensi ilisema kwamba katika mji wa Bujumbura, kwa sababu ya joto, mtoto mchanga hana shida ya baridi.

"Nani aliwapima?" akaniuliza.

Alikuwa daktari wa watoto, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo. Darasani hakutoka nje ya Kifaransa, lakini ofisini kwake, akiwa na mwanafunzi mmoja, aliongea Kiswahili cha mjini kama sisi wote, na hapo ndipo tulipomwogopa zaidi.

"Dokta, iko kwenye vitabu," nikamwambia. "Niliandika tatu pale chini."

"Mi siulizi wameandika wangapi. Minauliza nani alikamata termometri, akaiweka kwa mutoto, akasoma. Enda umutafute huyo mutu. Ukimupata, sentensi inabaki. Ukimukosa, inatoka."

Memware yangu, ndivyo tunavyoiita huku kazi ya utafiti ya kumaliza masomo, ilihusu namna mtoto anavyotunzwa siku yake ya kwanza katika vituo vya afya. Sehemu ya baridi ilikuwa fupi kuliko zote, na nilitaka niivuke haraka. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa magereji, ambako spana ikiachwa juani saa sita huishiki bila kitambaa. Nani angefikiria baridi?

Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa na hasira. Nilipofika karibu na msikiti wa kwetu hasira ikakatika ghafla, kwa sababu nilikumbuka miguu ya mtoto mmoja. Mwaka uliotangulia, nikiwa kwenye mafunzo ya wodini, nilimpokea mtoto saa sita mchana, majira ya jua kali. Jasho lilikuwa limenilowanisha mgongo wote. Mtoto alikuwa amefungwa kitambaa kimoja chepesi, na nilipomshika miguu niliikuta baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Muuguzi wa zamu alimchukua, akamweka kifuani kwa mama yake, akawafunika wote wawili, akaendelea na kazi. Baadaye miguu ikapata joto. Nikasahau.

Yaani nilikuwa nimelishika jambo kwa mikono yangu miwili, kisha nikaandika kwamba halipo, kwa sababu karatasi tatu zilisema halipo. Nilisimama pale njiani nikajitazama viganja.

Kesho yake nilikwenda maktaba ya kitivo. Ilikuwa vyumba viwili, kompyuta chache zilizofunikwa vitambaa kwa ajili ya vumbi, na mtunza maktaba mmoja, mwanamume mfupi aliyekuwa na desturi ya kunawa mikono kabla ya kugusa karatasi yoyote ya zamani. Wanafunzi wengi tulimjua kama mtu wa kutupatia neno la siri la intaneti. Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza kitu kingine.

Nilimweleza. Hakucheka. Alinikalisha, akaanza kuzisoma zile karatasi zangu tatu kuanzia mwisho, kwenye orodha ya marejeo, kwa kidole.

"Hii ya kwanza, nani aliandika?"

Nilitazama. Ulikuwa ukurasa wa intaneti wenye picha nzuri za watoto. Jina la mwandishi halikuwapo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ulitaja nota za kozi.

"Na hizi nota za kozi ni zile zako za pili," akasema. "Tuone zenyewe zilitoa wapi."

Nota zilikuwa zimepigwa fotokopi juu ya fotokopi mpaka herufi zimekonda. Zilitaja memware ya mwanafunzi wa zamani. Nayo ndiyo iliyokuwa karatasi yangu ya tatu. Akainuka, akaileta kutoka rafuni, akafungua mwisho wake. Memware ile ilitaja ripoti moja ya zamani, basi.

Mashahidi wangu watatu walikuwa shahidi mmoja aliyebadilisha nguo.

Jioni nilimsimulia baba. Yeye ni fundi wa magari, hakusoma mbali, na alikuwa akinawa mafuta mikononi kwa sabuni ya unga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uliuliza maduka tatu," akasema, "lakini muzigo wote ulitoka kwa mutu moja."

"Ndiyo, baba."

"Na huyo mutu, ulimuona?"

"Bado."

"Sasa unangoja nini?"

Kumwona kulituchukua siku tatu. Ripoti haikuwa rafuni. Mtunza maktaba alijua kuna stoo nyuma ya jengo, na ndani ya stoo kuna makasha, na kwamba mtu aliyemtangulia kazini aliandika orodha ya makasha hayo kwa mkono. Umeme ulikatika mara mbili, tukawa tunayasogeza makasha mlangoni ili tupate mwanga. Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, aliinuka na kijitabu kilichopigwa kwa mashine ya taipu, pini zake zimeota kutu na kuacha madoa ya rangi ya chai.

Akaenda kunawa mikono. Nilimngoja kama mtu anayengoja majibu ya maabara.

Tuliisoma tumesimama dirishani. Aliyeandika alikuwa daktari mgeni aliyepita hapa kwa muda mfupi. Alisema anadhani, katika mji wa joto namna hii, baridi haitakuwa tatizo kubwa kwa watoto wachanga. Halafu, kwenye mstari uliofuata hapo hapo, alisema kwamba kote alikopita hakukuta mtu aliyepima, na akaomba apatikane wa kupima.

Niliurudia mstari ule mara tatu.

"Aliomba," nikasema.

"Aliomba, ndiyo. Watu walichukua nusu."

Hakuna aliyesema uongo. Mwanafunzi wa zamani aliondoa neno moja, lile la kudhani. Mwalimu wa nota aliufupisha mstari. Mtu wa ukurasa wa picha akaupamba. Mimi nikaja mwisho, nikaongeza mashahidi. Na ombi la yule mgeni lilikaa ndani ya kasha miaka yote hiyo bila mtu wa kulijibu. Mpaka siku ile nilikuwa nikidhani maneno yakishapigwa chapa yamekwisha kazi yake. Kumbe yanatembea, na njiani yanaangusha vitu.

Mtunza maktaba alikirudisha kijitabu ndani ya bahasha safi, akavua kitambaa cha kompyuta iliyokuwa karibu na dirisha.

"Sasa tuulize wengine," akasema.

Aliingia kwenye lango la intaneti ambamo shule za nchi kama yetu zinaruhusiwa kusoma majarida ya utabibu bila kulipa. Lango hilo lilikuwa hapo tangu nianze masomo. Akanifundisha kuandika swali si kama mtu anayeongea, bali kwa maneno machache yaliyochaguliwa: mtoto mchanga, joto la mwili, nchi za joto. Akabonyeza.

Orodha ilishuka. Niliiteremsha, ikaendelea kushuka. Nikaiteremsha tena. Watu wa miji ambayo sijawahi kuisikia, wa nchi zenye jua kali kuliko letu, walikuwa wameinama juu ya watoto wa saa moja, wa saa mbili, wakihesabu dakika. Mmoja alieleza kipimajoto kiliwekwa kwapani na kukaa muda gani. Mwingine alieleza chumba kilivyokuwa, dirisha lilikuwa upande gani, nani alipima na nani alimkagua aliyepima. Na wengi walisema jambo lile lile ambalo mikono yangu ililijua: hata mahali pa joto, mtoto anatoka majini kwa mama yake akiwa amelowa, na anapoa haraka, haraka mno.

"Usianze na majibu," mtunza maktaba alinionya, kwa sababu aliniona nikikimbilia mwisho wa kila makala. "Majibu kila mutu anapenda. Soma walifanya namna gani. Hapo ndiyo utajua kama ni wa kuamini. Kisha angalia wanakubali nini kimewashinda. Mutu asiyeshindwa na kitu, mi namuogopa."

Nilikaa pale juma zima. Nilijifunza kuuliza nani ameandika, nani alimkagua kabla ya kuchapishwa, alipima wangapi na aliwapataje. Makala nyingine niliziacha baada ya ukurasa mmoja. Nyingine nilizisoma kwa heshima, nikisimama kwenye kila neno, kama mtu aliyekaribishwa nyumbani kwa watu asiowajua na kuambiwa akae popote. Ilinishangaza kwamba mtu wa mbali kiasi kile alikuwa amejihangaisha kunieleza mimi, asiyenijua, jinsi alivyokausha jasho la mkono kabla ya kumgusa mtoto.

"Na hapa kwetu?" nikamuuliza mwisho wa juma.

Alitafuta kwa Kifaransa, akatafuta kwa Kiingereza, akageuza maneno kila upande. Tulipata habari za malaria, za lishe, za vituo vya milimani. Juu ya joto la mwili wa mtoto mchanga hapa mjini hatukupata kitu.

"Pengine hawakupima," nikasema.

"Pengine. Ama walipima na haikuchapishwa. Vituo vya afya vina madaftari. Ulishafungua?"

Nilimrudia Dokta na habari zote mbili, ile ya ripoti na ile ya lango. Alisoma nakala ya mstari wa yule mgeni, akaikunja, akaniandikia barua ya ruhusa papo hapo. Kamati ya kitivo nayo ilinipa masharti yake: nisinakili jina la mama yeyote.

Kituo nilichopangiwa kilikuwa kaskazini ya mji, upande wa Kinama, mahali ambapo akina mama wengi hufika kwa miguu. Mkuu wa kituo, mwanamume mwenye haraka, alinifungulia chumba cha nyuma na kunionyesha madaftari ya uzazi yaliyopangwa sakafuni juu ya mbao.

"Joto hautakuta," akanitahadharisha. "Daftari lina nafasi ya uzito, jinsia, saa. Joto haina nafasi."

Alikuwa sahihi. Daftari la kwanza halikuwa na nafasi hiyo, wala la pili. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikifunua kurasa kwa ajili ya kutimiza ahadi tu. Kwenye daftari la saba au la nane, pembeni kabisa mwa ukurasa, nje ya mistari iliyochapwa, niliona mstari mwingine. Ulikuwa umepigwa kwa rula na kalamu ya bluu, kutoka juu mpaka chini. Ndani ya ule mstari, mbele ya kila mtoto, kulikuwa na tarakimu ndogo ndogo.

Nilizisoma mara moja nikadhani ni nambari za vitanda. Nikazisoma tena. Thelathini na sita na kitu. Thelathini na tano na kitu. Thelathini na saba.

Nikafunua ukurasa wa pili. Mstari upo. Wa tatu, upo. Nikaacha kukaa juu ya ndoo, nikapiga magoti sakafuni, nikavuta daftari lililofuata, na la baada yake. Mwandiko ule ule, rula ile ile, mwaka baada ya mwaka. Mahali pengine kulikuwa na herufi K, na baada ya K tarakimu ya pili. Mahali pengine palikuwa na kistari kifupi tu, bila tarakimu.

Mtu mmoja alikuwa ameliongezea daftari la serikali safu yake mwenyewe. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna fomu iliyomtaka ajumlishe. Nilisikia nje mama akiitwa, mlango ukifungwa, mtoto akilia, mambo ya kila siku, na mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya jibu la ombi lililoandikwa kwa taipu na mtu ambaye bila shaka hakuwahi kusikia habari za chumba hiki.

Mkuu wa kituo alipopita nilimwita.

"Nani aliandika hii?"

Aliinama, akasukuma miwani juu. "Aa. Huyo ni mukunga wa zamani. Alishapumzika kazi. Anakaa Bwiza." Akaangalia tena. "Mi nilidhani ni mambo yake tu."

Nilimpigia simu yule mkunga, akanikaribisha Jumapili baada ya misa. Nyumba yake ilikuwa ndani ya ua wenye milango mingi, jirani na baa iliyokuwa ikifunguliwa polepole kwa siku ile. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono iliyotulia. Nikamwamkia, akanionyesha pa kukaa, akanisogezea sehemu ya maharage bila kuuliza, tukawa tunachambua wote.

"Mama, nimekuja juu ya mustari wa bluu," nikasema.

Mikono yake ilisimama.

"Uliuona?"

"Niliuona, mama."

Alinigeukia. "Madaftari bado yako? Hawakuyachoma?"

"Yako. Yote."

Alishusha pumzi, akasema kwa Kirundi maneno ya kumshukuru Mungu, kisha akarudi kwenye Kiswahili na kunisimulia. Alipoanza kazi, akiwa msichana, waliambiwa kwamba baridi ya watoto ni mambo ya milimani, kwamba hapa chini kuna joto la kutosha. Akaamini. Siku moja ya jua kali alimpokea mtoto mzima, aliyelia vizuri. Wodi ilikuwa imejaa, wakamweka pembeni wakimhudumia mama yake. Walipomrudia alikuwa amenyamaza. Walifanya yote waliyoyajua. Hakurudi.

"Nilimushika," akasema. "Sisi wote tulikuwa tunatoka jasho. Yeye alikuwa baridi. Nikajiuliza, huyu alifika hapa namna gani, na sisi tuko tunaangalia?"

Basi akatafuta kipimajoto, akapiga mstari kwa rula, akaanza. Kila mtoto aliyempokea alimpima. Akimkuta amepoa, alimweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akawafunika, halafu akapima tena. Herufi K ilikuwa kifua.

Hapo nikakumbuka maswali ya maktaba, nikaona haya kumuuliza mtu mzima kama polisi anayemhoji. Lakini nilijikaza.

"Mama, ulikuwa unaweka termometri wapi?"

"Kwapani. Siku zote kwapani, mukono wa kushoto."

"Muda gani?"

"Nilikuwa nahesabu kwa saa ya ukutani. Ilipokufa ile saa, nikaleta yangu ya mukononi."

"Na termometri ilikuwa moja?"

Aliweka ungo chini. Uso wake wote ulifunguka, kama mtu aliyengoja swali hilo tangu siku ya kwanza.

"Ya kwanza ilivunjika. Nilipopata mupya, sikuiamini. Niliazima ya mwenzangu wa kituo kingine, nikaziweka zote mbili kwapani kwangu, moja huku, moja huku. Zikasema sawa. Ndipo nikaanza tena. Siku za katikati hapo hautakuta namba."

"Kuna vistari," nikasema.

"Ndiyo. Kistari ni mutoto sikumupima. Kuna siku watoto wanakuja watatu kwa mara moja na we uko peke yako. Baadaye unaweza kuandika kitu tu, nani atajua? Lakini mi nitajua. Nikaweka kistari."

Katika makala zote nilizosoma kwenye lango, zilizokaguliwa na maprofesa, nilikuwa nikitafuta mahali ambapo mwandishi anakiri kilichomshinda. Na huyu hapa, kwenye mkeka, alikuwa ameyaandika yaliyomshinda kwa kalamu ya bluu, mtoto kwa mtoto, katika kitabu ambacho aliamini hakuna atakayekisoma.

"Mama, nani alikuwa anaisoma?"

"Apana mutu," akajibu kwa wepesi. "Mi mwenyewe. Mwisho wa mwezi nilikuwa nakaa, nasoma. Naona mwezi huu nimepoteza joto la wangapi. Mwezi ujao najikaza."

Nilimwomba ruhusa ya kuitumia kazi yake. Alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Sasa kama hautumie, niliandika ya nini?"

Kunakili kulinichukua wiki nyingi. Nilikwenda kituoni asubuhi, nikanakili bila majina, nikarudi mchana kuhakiki nilichonakili. Mistari ile niliizoea kama barua za mtu wa nyumbani. Nilijua siku alizokuwa na haraka, kwa sababu nane zake zilifunguka upande wa kushoto. Nilijua alipobadilisha kalamu. Nilijua msimu ambao K zilikuwa nyingi, na nilifurahi peke yangu kila nilipoona tarakimu ya pili imepanda juu kuliko ya kwanza.

Dokta hakukubali upesi, na ninamshukuru kwa hilo. Alisema daftari halijakaguliwa na mtu, aliyepima ni mmoja, kituo ni kimoja, kwa hiyo nisithubutu kusema habari za mji mzima. Nikasema sawa. Akasema atakuja kuona mwenyewe. Alikuja siku ya Jumatano, amevaa koti lake jeupe, akakaa juu ya ile ile ndoo, akafungua daftari moja. Kisha la pili. Nilisimama mlangoni. Alifunua kurasa kwa muda ambao sikuuhesabu. Mara moja niliona kidole chake kikisimama juu ya kistari, kikakaa hapo.

Mwishoni alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

"Huyu mama," akasema. Akaivaa tena miwani. "Huyu mama."

Alifunga daftari kwa mikono miwili, kama anavyomfunika mtoto.

Lile lililobaki lilikuwa kuandika orodha ya marejeo. Mtunza maktaba alihangaika asubuhi nzima. Kanuni zake zilijua kitabu, zilijua makala, zilijua ripoti. Hazikujua safu iliyopigwa kwa rula pembeni mwa daftari. Alifungua mwongozo, akaufunga, akanawa mikono bila sababu. Hatimaye alimwandika yule mkunga kama mwandishi: jina lake la ukoo, herufi ya kwanza ya jina lake la ubatizo, kisha maelezo ya vipimo visivyochapishwa na mahali vilipo. Kompyuta ilipopanga majina kwa alfabeti, mkunga wetu aliangukia katikati ya maprofesa wawili wa nchi za mbali. Tulitazamana, mimi na mtunza maktaba, kisha tukaitazama tena karatasi.

Siku ya kuitetea memware mama mkunga alikuja mapema kuliko wote, amevaa kitenge kipya, akaketi safu ya tatu. Mwalimu mmoja wa jopo aliniuliza kama kweli ninaita pembeni mwa daftari chanzo cha kuaminika. Nilimjibu kwa yale niliyofundishwa: nikaeleza nani alipima, alipima wapi mwilini, kwa muda gani, kipimajoto kilivyolinganishwa, na wapi panakosekana namba na kwa nini. Nikasema pia yale ambayo vipimo hivyo haviwezi kutuambia. Yule mwalimu aliandika kitu, akauliza kama aliyepima bado yuko hai. Dokta alinyoosha mkono kuelekea safu ya tatu. Watu wote wakageuka, na yule mama, badala ya kusimama, aliinamisha kichwa akarekebisha pindo la kitenge chake.

Nilipita. Ile sentensi yangu ya kwanza ilitoka, mahali pake pakaingia kurasa kumi na moja.

Wiki mbili baadaye mtunza maktaba alinipigia simu. Mama mkunga amekuja, akasema, ameomba kiti na amekaa na memware yangu tangu asubuhi. Nilikwenda. Nilimkuta dirishani, ameshamaliza orodha ya marejeo na kuiona sehemu yake, lakini hakuwa kwenye ukurasa huo tena. Alikuwa kwenye majedwali, akiteremka kwa kidole, midomo ikicheza.

"Kaa," akaniambia. "Hapa ulikosea."

Nilikaa. Alinionyesha mtoto mmoja, mstari mmoja kati ya mistari mingi.

"Umeandika tatu. Huyu mutoto namukumbuka, si tatu. Ni nane. Nane zangu za haraka zinafunguka."

Tulikwenda kituoni pamoja siku ile ile kuangalia. Ilikuwa nane. Tulirudi maktaba, nami nikapiga hesabu upya mbele yake. Wastani haukusogea, lakini hakuna aliyesema basi yaishe. Mtunza maktaba alikata kipande cha karatasi, akaandika masahihisho kwa mwandiko wake mzuri, akatia gundi ukingoni, na mama mkunga akakikandamiza kwa kidole gumba ndani ya jalada mpaka kikashika.